Mkono wa Kidole

Mzee Pimamaji alikuwa tayari tangu saa moja asubuhi, shati la mikono mirefu, viatu vya kutokea, ameketi sebuleni anaomba mvua inyeshe. Mvua yenyewe haikuwa na habari naye. Jua lilishaingia mpaka kwenye zulia, na kutoka chumba cha wageni alimsikia shemeji yake akiimba huku anapiga pasi gauni. Mtu anayepiga pasi huku anaimba hawezi kuambiwa matembezi yameahirishwa.

"Umeshasema utampeleka," mkewe alimwambia, akimwekea chai. "Siku ya tatu hii unampiga chenga. Mara goti, mara jumba limefungwa. Jumba linafungwa Jumatatu tu, mji mzima unajua."

"Goti linauma kweli."

"Basi liume huko huko."

Jina la Pimamaji alipewa na mafundi wenzake, kwa kile kifaa chao chenye kitone cha hewa ndani ya maji, kinachosema kama kitu kimelala sawa au kimekwenda kombo. Yeye alikuwa hakihitaji. Akiingia nyumbani kwa watu, hata kiti hajakaribishwa, keshaona picha imekaa upande na keshakwenda kuinyoosha. Watu walicheka, naye alipenda wacheke. Fundi lipu miaka arobaini na miwili, msimamizi ishirini na mitano, na mjini humo hapakuwa na mtu wa kumfundisha habari za chokaa. Sasa alikuwa amestaafu, na goti kweli lilikuwa linauma, ila siku hiyo lilisingiziwa.

Shemeji alikuwa mjane wa mdogo wake. Maisha yake yote alishona sare za shule, na miezi minane iliyopita, mumewe alipofariki kwa maradhi ya figo, alifunika cherehani kwa shuka akasema anakwenda kutembea. Watu wakadhani ni wiki moja. Wapi! Anashuka mji huu anakaa siku nne, anashuka ule anakaa siku sita, na kila siku anakwenda kuangalia kitu kimoja tu, taratibu, mpaka amekimaliza. Soko moja siku nzima. Daraja moja siku nzima. Yote hiyo ilikuwa miji ambayo marehemu aliwahi kufanya kazi. "Sina haraka," alikuwa akisema. "Nimewafanyia haraka watoto wa watu miaka thelathini, kila Januari nakesha na vifungo. Sasa niacheni nivute miguu." Mji huu aliuweka wa mwisho kwa makusudi, kwa sababu ya Jumba la Kuba, na ndani ya Jumba la Kuba kitu alichokifuata kilikuwa kimoja: alama ya mkono wa mumewe ukutani.

Na mkono huo haukuwapo. Aliyejua hivyo duniani alikuwa mtu mmoja, naye ndiye aliyekuwa anakunywa chai huku anaiombea mvua.

Miaka thelathini na minne nyuma, jumba lile la mahakama ya zamani lilikuwa gofu, popo ndio mahakimu. Serikali ikaamua lifufuliwe, na kazi ya lipu akapewa Pimamaji. Akaenda na mafundi wanane pamoja na mdogo wake, aliyekuwa anajifunza kazi chini yake mwaka wa sita. Kijana huyo walimwita Kidole. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia kilivunjwa na kamba ya ndoo, kikapona kimepinda kwenda nje, kama kinataka kuwaacha wenzake. Kila mwaka Kidole aliuliza lini atahesabiwa fundi, na kila mwaka kaka yake alimjibu, "Bado hujafika."

Sasa, kundi lile la mafundi lilikuwa na mazoea yake. Fundi akimaliza chumba, kabla chokaa haijakaza, huweka kiganja chake ukutani mara moja, mahali pa kujificha, nyuma ya mlango au chini ya dirisha. Anabana, anaondoka. Waliita kuuaga ukuta. Mwanafunzi hauagi ukuta. Anayeuaga ni fundi, na wa kusema huyu sasa ni fundi ni msimamizi peke yake.

Ikatokea homa ikamlaza Pimamaji siku nne. Kilikuwa kimebaki chumba cha juu kabisa, kile cha mviringo chini ya kuba, na ukuta wa mviringo si mchezo, mafundi wazima huukimbia. Kidole akaupiga lipu peke yake. Siku ya tano Pimamaji akarudi, akawakuta watu wamekwenda kula, akapanda ngazi zote zile na mwili bado unamtetemeka, akasimama kuutazama. Akatafuta kosa. Akaweka ubao, akaweka pimamaji, akamulika taa kwa pembeni apate kuona mawimbi. Hapakuwa na wimbi hata moja. Yeye mwenyewe hakuwa amewahi kupiga ukuta kama ule. Na kando ya dirisha, usawa wa kifua, peupe kabisa, si mahali pa kujificha hata kidogo, kilikuwapo kiganja chenye kidole kilichopinda.

Angecheka tu. Angemwita jamaa amshike kichwa amwambie, wewe mshenzi, nani kakwambia uage? Na yangeishia hapo. Lakini kitu kilimwingia, naye hakukiita wivu, alikiita nidhamu. Akachota chokaa ya ndoo iliyobaki, akalowesha, akaujaza ule mkono, akapitisha mwiko, akasugua kwa ubao. Dakika kumi hazikufika. Kisha akashuka, akamkuta Kidole anaosha vifaa, akamwambia, "Ukuta umekaa. Ila bado hujafika."

Kidole aliutia mwiko wake ndani ya ndoo, akajifuta mikono, akaondoka. Hakupanda tena juu. Wiki hiyo hiyo alihama mji, akaenda kupiga rangi nyumba za watu, na chokaa hakuigusa tena mpaka anakufa.

Walionana kwenye harusi na misiba. Na kila walipoonana, wakishaulizana hali, Kidole angetabasamu amuulize, "Kaka, mkono wangu bado upo?"

"Upo. Utakwenda wapi?"

"Basi siku moja utanipeleka nikauone."

"Nitakupeleka."

Halafu ingekuwa Jumatatu, au lingekuwa goti. Miaka thelathini na minne goti.

Walifika Jumba la Kuba saa tatu na nusu. Mwongozaji alikuwa msichana mchangamfu mwenye fungu la funguo kiunoni, aliyezoea kuwamaliza wageni kwa dakika arobaini. Siku hiyo alikuwa amepatikana. Shemeji alisimama mlangoni tu robo saa, anapapasa misumari ya mlango. Kwenye ukumbi wa kwanza akaenda moja kwa moja kwenye mapazia, akageuza pindo.

"Nani kashona haya?"

"Sijui, mama. Yaliletwa mwaka jana."

"Mwambieni arudishe hela ya watu. Pindo limepanda huku, limeshuka huku. Shemeji, njoo uone na jicho lako lile."

Pimamaji akaja, akaona, akaafiki. Kwa kitambo akasahau kilichomleta. Hata moyo wake ulitulia kidogo. Alimpenda mwanamke huyu, hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikuwa na jicho la kazi, kama wao.

Na yeye Pimamaji alikuwa na mpango. Chini ya chumba cha kuba, kwenye kituo cha mwisho cha ngazi, nyuma ya ubao wa dirisha, palikuwa na mkono wake mwenyewe. Mikono ya ndugu hufanana. Atamwonyesha huo, atamwambia huu ndio, wataushika, watalia kidogo kama ni kulia, na biashara itakwisha. Hatakuwa amemuumiza mtu. Hivyo ndivyo alivyojiambia tangu shemeji alipotia mguu nyumbani kwake, na kila akijiambia, chai ilimshinda.

Saa tano walikuwa kwenye ukumbi wa hukumu. Shemeji akazunguka benchi zote, akakaa kila upande, kisha akapanda kwenye kiti cha hakimu kabla mwongozaji hajamwahi.

"Shemeji, hebu simama kizimbani hapo."

"Acha mambo yako."

"Simama, bwana. Sijawahi kuhukumu mtu."

Akasimama. Mbao za kizimba zilikuwa zimelainika kwa viganja vya watu wasiojulikana.

"Umeshtakiwa," shemeji akasema, sauti ameikaza, "kwa kuninyima kuja hapa siku tatu nzima kwa sababu za uongo. Unakiri?"

"Nakiri."

"Kuna lingine la kusema kabla sijakufunga?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno lilikuja likafika kwenye meno. Alimtazama yule mama, miwani imeshuka puani, anajizuia kucheka, akaona akilitoa sasa atalitoa kwenye mzaha na mzaha utamfia mikononi.

"Sina," akasema.

"Umeachiwa huru. Usirudie."

Mwongozaji akacheka, akasema mama, kiti hicho hakikaliwi, tafadhali. Wakaendelea.

Kutoka hapo ikawa zamu ya mikono. Shemeji alitaka kuiona yote, si wa mumewe tu, na Pimamaji akajikuta anaifungua milango na kuwataja watu. Huyu nyuma ya mlango wa makarani ni Bubu, alikuwa haachi kuongea hata akiwa na msumari mdomoni. Huyu ni Keshokutwa, ukimuuliza kazi lini. Huyu mwenye kiganja kipana ni Sinia. Mwongozaji alikuwa na mwaka wa tatu pale na hakuwahi kuiona hata mmoja. Alichuchumaa naye, funguo zinagonga sakafu, akawa anauliza maswali badala ya kujibu. Shemeji aliweka mkono wake ndani ya kila mkono, akakaa hivyo kidogo, akainuka akishika magoti.

"Wako hai?"

"Sinia yuko hai. Haoni."

Mchana walikula uani, kwenye benchi la mawe, mkate na mayai ya kuchemsha aliyowafungia mkewe. Shemeji alipomaliza alipangusa vidole vizuri, akafungua mkoba, akatoa karatasi ya kahawia iliyokunjwa mara nne, ile wanayokatia vipande vya nguo. Akaikunjua mapajani. Ilikuwa imechorwa mkono, kwa chaki ya fundi cherehani, mstari mmoja usiokatika, na kidole cha mwisho kimepinda kwenda nje.

"Nilimchora hospitali," akasema. "Yeye ndiye aliyetaka. Aliniambia, kaka yangu ana mikono mingi kwenye lile jumba, usije ukaonyeshwa wa mtu mwingine." Akacheka. "Alikuwa hawezi hata kukaa, lakini maneno hayakumwisha."

Pimamaji alilitazama yai lililobaki mkononi mwake. Alihisi kama kidole kile kinamwonyesha yeye.

"Alikuwa ananiambia hivi," shemeji akaendelea. "Watu wakimsifia rangi aliyopiga, anasema, hii ni rangi tu, kazi yangu ipo kwa kaka, ukutani, nenda kaulize. Sikuwahi kumwona akijivunia kitu kingine. Hata harusi yetu hakuisifia vile."

"Twende," Pimamaji akasema. "Ngazi ni nyingi."

Walipanda polepole, yeye kwa goti lake, shemeji amemshika mkono, wanapumzika kila kituo. Na bado, jamani, bado alijaribu. Mtu huyo umri wake miaka sabini na moja, ameona karatasi kwa macho yake, na walipofika kituo cha mwisho akavuta ule ubao wa dirisha akasema kwa sauti ndogo, "Ndio huu."

Shemeji aliivaa miwani vizuri. Akaiweka karatasi juu ya mkono ule, akailinganisha kifundo, akainyoosha taratibu kama anavyonyoosha kitambaa kabla ya kukata. Dole gumba likakaa. Vidole vitatu vikakaa, karibu sawa, ndugu ni ndugu. Cha mwisho cha karatasi kilikwenda nje, cha ukutani kikabaki kimenyooka.

Aliitoa karatasi. Aliurudisha ubao wa dirisha mahali pake, yeye mwenyewe.

"Huu ni wako, shemeji," akasema.

"Ni wangu."

"Wake uko wapi?"

Alionyesha juu.

Chumba cha mviringo kilikuwa kitupu, hakina kiti wala picha, mwanga wa madirisha manane umelala kwenye ukuta mweupe kuanzia mlangoni mpaka mlangoni tena. Mwongozaji aliwatangulia, na hapa ndipo alipokuwa na hotuba yake nzuri. Kuta zote za chini, akasema, zimeshatengenezwa mara mbili au tatu, zilipata nyufa. Ukuta huu mmoja haujaguswa tangu upigwe. Walimu wa ujenzi huwaleta wanafunzi wao hapa kuutazama tu. Inasemekana ni kazi ya msimamizi mwenyewe.

"Si ya msimamizi," Pimamaji akasema. "Msimamizi alikuwa mgonjwa. Aliupiga mdogo wake. Andika hivyo popote mnapoandika. Alikuwa fundi."

Ndiyo mara ya kwanza neno hilo kumtoka juu ya mdogo wake. Alilisikia likizunguka chumba kizima, na lilikuwa jepesi, lisingemgharimu kitu. Mwongozaji alimtazama usoni, akamtazama na mama, akasema anakwenda kuangalia wageni wa chini.

Ndipo akamweleza. Hakujitetea, au alijitetea mara moja tu, alipofika kwenye nidhamu, akaona jinsi linavyonuka akaliacha. Alieleza homa, ubao, taa, ndoo. Alieleza "bado hujafika". Alieleza na "upo, utakwenda wapi". Shemeji alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkoba ameukumbatia, na machozi yalimtoka bila sauti.

"Alikuwa anakuuliza kila mara," akasema mwishowe.

"Kila mara."

"Miaka thelathini na minne. Basi ulidhani alikuwa anauliza mkono?"

Pimamaji aliegemea dirisha.

"Tulipita mji huu mara mbili kwa basi. Nikamwambia tushuke nikauone, jumba lenyewe lile pale. Akaniambia siendi mpaka kaka anipeleke. Mimi namtania, kaka yako ni mlango?" Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Ungemwambia tu, shemeji. Angekasirika. Angekutukana. Mwaka wa pili angerudi akauaga ukuta mwingine. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu."

"Najua."

"Sasa unajua."

Alivaa miwani, akaikunjua tena karatasi, akasogea ukutani. "Haya. Nionyeshe mkono ulipokuwa. Nitauweka mkono wangu hapo hapo, hata kama wake haupo."

Hilo Pimamaji aliliweza, au alidhani analiweza. Alikwenda kwenye dirisha, akainua mkono usawa wa kifua. Akasita. Yalikuwa madirisha manane, yote sawa. Siku ile jua lilikuwa limeingia upande gani? Alikuja kwa mlango huu, akageuka... Alikwenda dirisha la pili. Akaweka kiganja, akafumba macho, akapapasa kama alivyopapasa kuta maisha yake yote, akitafuta ule ukingo mdogo ambapo chokaa mpya hukutana na ya zamani. Kila fundi huacha ukingo. Alikuwa amewafokea watu wazima kwa ajili ya ukingo usioonekana kwa macho. Alipapasa dirisha la tatu. Alipapasa la nne, akapiga goti lile lile bovu akapapasa chini zaidi, labda kijana alikuwa mfupi kuliko anavyomkumbuka.

"Ni hapa?" shemeji akauliza, karatasi mkononi.

"Subiri."

Alikwenda mpaka dirisha la nane, akarudi la kwanza, akapiga goti tena. Jua lilikuwa limehama. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi la chokaa, na havikukuta kitu. Ukuta ulikuwa laini kotekote, kama alivyoukusudia.

"Sioni," akasema. "Shemeji, nilifanya vizuri mno. Sioni."

Kengele ya kufunga ililia kule chini. Shemeji aliitazama ile karatasi, kisha akaikunja mara mbili, mara nne, akaufungua mkoba.

"Niachie hiyo," Pimamaji akasema. "Nitaomba ruhusa. Nitauchonga mkono wake hapa ukutani, kwa mkono wangu, kama ulivyokuwa. Niachie nikulinganishie."

"Hapana, shemeji." Hakusema kwa hasira. Aliitia karatasi ndani, akafunga zipu. "Huu ndio uliobaki."

Akaanza kushuka. Siku nzima alikuwa amemshika mkono kwenye ngazi, akimsubiri kila kituo, sina haraka, pumzika shemeji. Sasa Pimamaji alisikia viatu vyake vikienda chini bila kusimama, kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alishika ukuta ili ainuke.